Ng'ombe Asiyepiga Teke

Cherotich alichelewa kutoka nyumbani Jumapili ile kwa sababu ya kioo. Alivaa gauni la bluu akalivua, akavaa la maua, akalirudia la bluu, mpaka mama yake, Elmina, akamwita kutoka jikoni.

"Wewe, unaenda kusikiliza mjadala ama unaenda kuolewa?"

"Kusikiliza tu, Mama."

"Basi masikio hayahitaji mafuta yote hayo."

Wakacheka wote wawili. Elmina alijua vizuri mafuta yale yalikuwa kwa ajili ya nani. Ni yeye aliyemlainisha mumewe, Mzee Kiptanui, jioni baada ya jioni, mpaka mzee akakubali kwa shingo upande kwamba mjomba wa Ogoti aje Jumamosi iliyofuata kuleta posa. Kabla ya hapo mzee alikuwa hataki hata kulisikia jina. "Mtu wa nyumba za kampuni," alikuwa akisema. "Baba yake alikuja kuchuma chai ya watu, na yeye anakausha chai ya watu. Hana shamba, hana hata mbuzi. Na watu wa kwao ni wa ng'ambo ile ya mpaka, si kabila letu. Binti yangu ataishi wapi, kwenye gunia?" Elmina alikuwa akimjibu taratibu, "Ulipokuja kwetu wewe ulikuwa na nini? Si ulikuwa na meno tu ya kuchekea?" Mzee alikuwa akikohoa na kutoka nje.

Wakashuka njia ya kanisani wakipita katikati ya mashamba ya chai, mama akiegemea bega la binti. Elmina alichechemea. Goti lake la kulia halikukunjika sawasawa, na kijiji kizima kilijua sababu: alipigwa teke na ng'ombe akikamua. Ng'ombe mwenyewe, Sirowet, mweusi mwenye paji jeupe, aliuzwa wiki ileile, na watu walishangaa sana, maana Sirowet alikuwa mpole kiasi kwamba watoto walimnyonya moja kwa moja chuchuni. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, walisema, humjui mpaka akuumize.

Ukweli wa goti lile ulijulikana na watu wachache sana. Mzee Kiptanui alikuwa na bunduki ya leseni, aliyoipata kwa ajili ya nyani waliokuwa wakitoka msituni na kumaliza mahindi. Nyani walipungua, lakini bunduki haikukaa nyumbani. Ilikwenda naye kupeleka maziwa, ikaenda naye kuuza majani chai, ikaenda matangani, harusini na kanisani, ikining'inia begani. Siku moja alirudi kutoka sherehe fulani huko Kedowa akiwa amelewa, akalala kwenye kiti nayo mapajani. Elmina akasema amwondolee, asije akaiangusha. Ikalia. Mzee alilia usiku ule kuliko mtoto. Alitaka kwenda kusema kwa chifu asubuhi hiyohiyo, ila Elmina, damu ikimtoka, alimshika mkono. "Watakucheka," alimwambia. "Watasema Kiptanui alimpiga mkewe risasi akiwa mlevi. Sema ni ng'ombe." Shemeji yake mmoja wa Longisa, aliyestaafu uuguzi, ndiye aliyevitoa vile vipande vya risasi gotini, kimya kimya, na Sirowet maskini akauzwa kwa kosa la mwenye nyumba. Mzee aliacha pombe kabisa. Bunduki hakuiacha.

Cherotich, mmoja wa wachache hao, alikuwa hajamwambia mtu. Alimwambia Ogoti peke yake, siku moja kwenye mistari ya chai, mvua ikiwa imewakuta na wote wawili wamejifunika mfuko mmoja wa nailoni. Hakujua kwa nini alimwambia. Ni vile tu Ogoti alikuwa na namna ya kusikiliza, akikutazama kwa macho yale ya taratibu, shati lake likinuka chai ya kiwandani, mpaka mtu unajikuta umefungua hata vyumba ulivyovisahau. Alimwambia akalia. Ogoti akamfuta machozi kwa kidole gumba na kusema, "Hili limezikwa hapa, Chero. Hata nikikatwa ulimi." Cherotich alirudi nyumbani siku ile akiwa mwepesi, akaimba akipika, akasonga ugali mpaka ukaungua kwa furaha yake.

Sasa mwaka ule, tisini na saba, kila mahali ilikuwa Katiba, Katiba. Hata vijana wa kanisa hawakuachwa nyuma. Mchungaji aliwaruhusu wafanye mjadala baada ya ibada, na mada ilikuwa hii: raia ana haki ya kubeba bunduki hadharani. Upande wa kukubali alikuwa Gibson, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa maneno matamu na viatu vya kung'aa. Upande wa kupinga alikuwa Ogoti.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wamama wa kanisa walikaa mbele, Elmina akiwa ameunyoosha mguu wake pembeni mwa benchi. Wazee walikaa kando, na Mzee Kiptanui katikati yao. Bunduki yake aliisimamisha kwenye kona ya mlango pamoja na miavuli, kama kawaida, na hakuna aliyeishangaa. Cherotich alipata nafasi nyuma. Ogoti alimwona akiingia, akatabasamu, na ule mwanya wa meno yake ukamfanya Cherotich ainamishe uso.

Gibson alianza kwa kishindo. "Wazee wetu, mama zetu! Nyani akitoka msituni, anauliza kama haki yako imeandikwa kwenye Katiba? Mwizi wa ng'ombe anabisha hodi? Haki ya kujilinda Mungu alitupa kabla serikali haijazaliwa! Kama leseni ninayo, na akili ninayo, kwa nini nifiche mali yangu kama mtu aliyeiba?"

Wazee wakapiga makofi. Ogoti akasimama.

"Mwalimu amesema vizuri. Nyani yuko shambani, basi bunduki ibaki shambani. Sokoni kuna nyani? Kwenye harusi kuna nyani? Mimi nikiwa nimesimama foleni ya mizani ya chai na mwenzangu ana bunduki begani, tukikosana kuhusu nafasi, mazungumzo yetu yako sawa kweli? Yeye ana haki ya kubeba, sawa. Na mimi nina haki ya kutembea bila kuogopa. Haki yangu inaenda wapi?"

Wamama wakaguna kwa kukubali. Cherotich alihisi moyo wake ukitanuka kwa fahari. Ndiyo, hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiria miaka yote bila kupata wa kuyasema. Ongea, mpenzi, alisema moyoni. Ongea.

Lakini Gibson hakuwa mtu wa kuachia hivihivi. Alicheka, akajipangusa uso kwa kitambaa, akaugeukia ukumbi.

"Ndugu yangu Ogoti anaogopa. Hiyo si hoja, hiyo ni homa. Namwomba kitu kimoja tu. Atutajie mtu mmoja hapa kwetu, mmoja! Mtu aliyeumizwa na bunduki yenye leseni. Si Nairobi, si Amerika. Hapa!"

Ogoti akafungua mdomo, akaufunga.

"Hana!" Gibson akapaza sauti. "Hana kwa sababu hayuko! Jamani, tumsamehe. Kule nyumba za kampuni, hata panya akipita watu wanapanda juu ya meza!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Vijana wakapiga benchi. Wamama waliokuwa wakiguna kwa kukubali sasa walificha midomo kwa leso. Na katikati ya wazee, Mzee Kiptanui alikuwa akicheka kuliko wote, akijishika mbavu, akimgonga jirani yake begani. Alicheka mpaka machozi.

Ogoti aliona. Cherotich alimwona akiona. Uso wake ulibadilika rangi, na mishipa ya shingo ikasimama. Akainua macho, akamtafuta Cherotich nyuma kule, akampata.

Cherotich akajua. Sijui mtu hujuaje, lakini alijua. Akatikisa kichwa, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Hapana. Ogoti, hapana. Haki ya Mungu, hapana.

Ogoti akayaondoa macho yake.

"Mwalimu anataka mmoja," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kicheko kikakatika ili watu wasikie. "Mimi sitataja mtu. Mimi nitataja ng'ombe. Kuna ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, aliuzwa hapa kijijini kwa teke ambalo hakupiga. Kaulizeni ni nini kililia ndani ya ile nyumba."

 Cherotich aliona vichwa vikigeuka, kimoja kimoja, kuelekea benchi la mbele, kwenye ule mguu ulionyooshwa. Elmina alikuwa amelishika goti kwa mikono miwili kama mtu anayefunika sufuria. Mzee Kiptanui alikuwa bado na tabasamu usoni, limebaki hapo peke yake, halijapata habari.

"Uuuwi," mama mmoja akasema.

Mchungaji akasimama haraka akitaka kufunga mambo. Akasema waliokubaliana na Gibson waende upande wa madirisha, na waliokubaliana na Ogoti waende upande wa mlango. Nadhani alitaka tu watu wasogee, wafanye kitu chochote. Wakasogea. Walimiminika upande wa mlango kama maji, wamama, vijana, hata baadhi ya wazee. Ogoti alikuwa ameshinda. Akasimama pale mbele akihema, na kwa muda mfupi, mfupi sana, uso wake ukang'aa.

Cherotich hakuusahau uso ule.

Mzee Kiptanui aliinuka. Akatembea kuelekea kona ya miavuli, akanyoosha mkono kuichukua bunduki yake. Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake kwa nguvu mpaka akamkwaruza. Hawakuwa wamewahi kurudi nyuma kabla ya siku hiyo. Mzee akawatazama, mmoja mmoja, majirani zake wa miaka yote, kisha akaitundika begani na kutoka.

Elmina alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena. Cherotich alisukuma watu mpaka akamfikia, akamshika kwapani. Mama yake hakumtazama.

"Ulimwambia wewe?" aliuliza.

"Mama..."

"Nauliza tu."

"Ndiyo, Mama."

Elmina akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. "Haya. Nishike vizuri, nisije nikaanguka mbele yao."

Ogoti aliwakuta njiani, pale kwenye tangi la maji la kanisa. Alikuwa amekimbia.

"Mama, naomba nizungumze na Cherotich. Kidogo tu."

 Elmina aliuachia mkono wa binti yake, akaendelea peke yake na njia, akichechemea, akishika matawi ya chai pembeni kwa kujisaidia. Cherotich akabaki palepale.

"Chero, sikutaja jina," Ogoti alisema.

"Ungetaja jina ingekuwa afadhali. Ulitaja ng'ombe! Hapa kwetu watu wanajua ng'ombe kuliko wanavyojua watu."

"Nilikuwa nachekwa."

"Nilisikia."

"Baba yako alikuwa anacheka! Mtu ninayeenda kumwita baba, ananicheka mbele ya kanisa zima, na bunduki yake iko pale kwenye kona. Na mimi najua. Wewe ungevumilia?"

"Kwa hiyo ukachukua mguu wa mama yangu ukawapiga nao."

Ogoti akavua kofia. Akapitisha mkono kichwani. Alikuwa mzuri hata sasa, Mungu amsamehe, na Cherotich alichukia kwamba alikuwa bado anaona uzuri wake.

"Niambie ulikuwa hunioni," alisema. "Niambie hukuniona nikitikisa kichwa. Watu walikuwa wengi. Sema tu hivyo, Ogoti, nami nitakuamini."

Alimpa mlango. Alimfungulia kabisa. Ogoti angeweza kupita.

"Nilikuona," alisema.

"Uliniona."

"Siwezi kukudanganya, Chero."

"Eeh, wewe hudanganyi! Wewe ni mtu wa kweli, kila mtu amekupigia kura!" Sasa alikuwa analia, na alikasirika kwamba analia. "Unajua mama yangu ndiye aliyekuombea kwa Baba? Mama huyohuyo. Alikaa na Baba jikoni kila jioni akikusifu, mpaka nikaona aibu."

"Lakini niliyosema si ni kweli? Wewe mwenyewe ulisema unatamani mtu aiondoe ile bunduki kwenu. Ulisema unalala ukiisikiliza. Leo nimesema. Sasa hata kesho ataogopa kuibeba. Nimekosea wapi? Kwa kweli nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Hoja yako yote nilikuwa nayo, kila neno. Ningesimama upande wako kama si lile la mwisho." Akajifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Kweli ile haikuwa yako. Ilikuwa ya Mama. Alimpa Baba, kidogo akanipa mimi, na mimi, mjinga mimi, nikakupa wewe. Wewe ukaitupa kama jiwe ulilookota barabarani."

Alikimbia kumfuata mama yake. Ogoti alimwita mara kadhaa. Hakugeuka.

Nyumbani walimkuta mzee amekaa uani kwenye kigoda. Bunduki ilikuwa imelazwa chini mbele yake, imefunguliwa, risasi zimepangwa kando kwenye majani. Cherotich alidhani wakati wa kupigwa umefika, ingawa alikuwa mtu mzima. Akapiga magoti.

"Baba, ni mimi niliyesema. Nilaumu mimi, usimlaumu Mama."

Mzee hakumtazama. Alimtazama mkewe.

"Elmina, siku ile ungeniacha tu niseme."

"Ungechekwa."

"Kumbe ningechekwa siku moja yakaisha." Akavuta pumzi. "Umewaona walivyorudi nyuma? Hata Gibson alirudi nyuma. Alikuwa ananitetea, na yeye akarudi. Miaka yote nikidhani wananipa heshima njiani."

Elmina alijishusha polepole kwenye benchi kando yake, goti likinyooka mbele.  Mzee akauweka mkono wake juu ya goti lile mchana kweupe, mbele ya mtoto wao, jambo ambalo Cherotich hakuwahi kuliona maishani.

"Kesho naipeleka kituoni," mzee alisema. "Wakae nayo. Nyani watakula wanachokula." Kisha akamgeukia binti yake, na macho yake yalikuwa mekundu lakini hayakuwa na hasira. "Na yule kijana wako. Nilidhani ni mtu laini. Kumbe anaweza kunikabili mbele ya watu akaniambia usoni neno ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kulisema hata gizani. Mwanamume ni huyo. Mjomba wake aje Jumamosi. Sina neno tena."

Cherotich alikuwa ameomba kwa Mungu apate kuyasikia maneno hayo. Alikuwa ameyafungia saumu, alikuwa ameyalilia. Sasa yalikuja yakapita masikioni mwake kama redio ya jirani. Alimtazama mama yake amsaidie, na Elmina alitazama pembeni.

Ogoti alikuja jua likiwa linashuka. Alikuwa amejitayarisha kufukuzwa. Alisimama nje ya lango ameishika kofia kwa mikono miwili. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwona, akamwita kwa sauti kutoka uani, "Kijana! Mwambie mjomba wako Mokaya aje na wazee wake Jumamosi. Mapema!"

Cherotich alikuwa amefika langoni tayari. Aliuona uso wa Ogoti ukipokea habari ile. Kwanza mshangao, kisha furaha, na kisha ule mng'ao. Ni uleule wa ukumbini.

"Chero! Umesikia? Baba amekubali!" Alimshika mkono juu ya lango. Kiganja chake kilikuwa na joto, na mwili wa Cherotich, ambao ulikuwa haujaambiwa lolote, ukataka kumwendea. "Nilikuja kupiga magoti. Niko tayari kupiga magoti kwa mama yako, sasa hivi. Nilikosa. Nisamehe. Lakini umeona? Imekuwa vizuri. Yote yamekuwa vizuri!"

"Nimeona."

"Mbona hufurahi? Hunipendi tena?"

"Nakupenda," Cherotich alisema. Hakuweza kusema vingine, ilikuwa kweli na ilimuuma.

"Basi ni nini? Kuna kitu hapo moyoni. Nakujua mimi. Niambie, mpenzi." Akamtazama kwa macho yale ya taratibu, akainamisha kichwa kusikiliza. "Niambie chochote."

Cherotich alikuwa na mengi ya kumwambia. Yalimjaa mpaka kooni: hofu yake, aibu yake, jinsi mama yake alivyosema nishike vizuri. Akafungua mdomo. Akayarudisha yote chini, moja moja, na akajua kwamba maisha yake yote na mwanamume huyu yangekuwa hivyo, akipima kila neno kabla halijatoka.

Akauondoa mkono wake taratibu.

"Mwambie mjomba wako asije."

"Kwa nini? Chero, kwa nini? Niambie tu sababu!"

"Siwezi kukuambia," alisema. "Siku moja watu watakucheka tena."

Akalifunga lango kwa komeo, akaenda kumsaidia mama yake kukamua.